Kujitolea na Kulazimishwa: Maneno ya Kazi za Jamii katika Mitaa ya Mji

Lugha ya Kiswahili ina akiba kubwa ya maneno yahusuyo watu kusaidiana bila ujira. Mengine ni ya zamani sana, yaliyozaliwa mashambani na baharini. Mengine yameenezwa na serikali, vyama vya siasa na maisha ya mji. Mara nyingi hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Kazi ile ile ya kuzibua mfereji wa mtaa yaweza kuitwa kujitolea asubuhi, msaragambo adhuhuri, na wajibu wa kila raia jioni. Lakini maana zao si moja. Baadhi yataja kitolewacho kwa hiari. Baadhi yataja kidaiwacho kwa amri. Tofauti hiyo haiwahusu watunga kamusi peke yao. Chama cha wakazi wa mtaa husimama juu yake, nayo ikipotea katika maneno haikawii kupotea katika matendo.

Yafaa kuanza na maneno ya zamani. Ujima ni kazi ya zamu: leo wakulima wote huenda shamba la mmoja, kesho huenda la mwingine, na mwenye shamba huwaandalia chakula. Kula kikoa ni kula pamoja kwa zamu, kila mmoja akiwakirimu wenzake siku yake ifikapo. Kula bia ni kushirikiana gharama, kila mmoja akitoa sehemu yake. Upatu, ambalo pia ni jina la chombo cha shaba kilichokuwa kikigongwa katika ngoma, ni mchezo wa fedha: kila mwenzi hutoa kiasi kile kile, na mmoja huzichukua zote kwa zamu yake. Mchango watokana na kuchanga, yaani kukusanya vidogo vidogo mpaka vifae kitu. Methali yasema, jifya moja haliinjiki chungu, na maneno haya yote ni sherehe ya methali hiyo.

Hata hivyo, katika ujima, kikoa na upatu hapana zawadi tupu. Mna hesabu. Alimiwaye leo atalima kesho, na apokeaye upatu mwezi huu amekwisha kufunga ahadi ya kutoa miezi ijayo. Ni deni la heshima kati ya watu wajuanao, na mlinzi wa deni hilo si askari wala hakimu, bali ni haya. Asiyelipa haendi gerezani. Husemwa, na zamu yake ya pili haifiki.

Kujitolea ni neno la namna nyingine, na maana yake yaonekana wazi likifumuliwa. Mzizi wake ni wa kitendo toa. Kikitiwa kiambishi cha kujirejea huwa jitoa. Kikiisha kutiwa kauli ya kutendea, sauti l iliyopotea katika toa hurejea mahali pake, na jitolea hupatikana. Tofauti ya sura ni ndogo, lakini tofauti ya maana ni kubwa. Mwanachama aliyejitoa ni yule aliyeacha chama. Mwanachama aliyejitolea ni yule aliyefanya kazi ya chama bila kudai malipo. Wa kwanza ameondoka, wa pili amebaki na kuzidisha. Kinachowatenga ni kauli ya kutendea, ambayo daima huuliza swali moja: kwa ajili ya nani, au ya nini? Mtu hujitoa akatoka tu. Lakini hajitolei pasi na jambo au mtu wa kujitolea kwake.

Pia yafaa kuangaliwa kwamba jina la mtenda halikutulia bado. Mtu husemwa kuwa ni mfanyakazi wa kujitolea au kijana wa kujitolea. Maneno kama mjitoleaji husikika, lakini hayajashika mizizi kama mkulima au mwalimu yalivyoshika. Huenda sababu ni kwamba mtaani kujitolea hakuhesabiwi kuwa cheo wala kazi ya mtu. Ni tendo la saa yake, na yeyote aweza kulifanya, kisha akarudi katika shughuli zake.

Kinyume cha kujitolea nacho kina majina yake. Neno shokoa lilimaanisha kazi ya kulazimishwa isiyo na malipo, na wazee waliolijua hawakulichanganya na ujima hata kidogo, ingawa kwa macho kazi yaweza kuwa moja: watu wengi, majembe mengi, njia moja. Hiari yashinda utumwa, yasema methali nyingine. Jembe ni lile lile, lakini mikono si ile ile.

Kati ya ncha hizi mbili yamo maneno yaliyosafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine, nayo ndiyo yenye mafunzo zaidi. Msaragambo ni neno linalohusishwa na Upare, ambako kazi ya jamii ya kutengeneza mifereji na ndiva za kunyweshea mashamba ilikuwa jambo la uhai. Asiyekwenda alijua kwamba maji yapitayo kwake yamechimbiwa njia na wengine. Neno hilo lilipoenea katika Kiswahili cha Tanzania lilichukuliwa na wenye madaraka kuitia kazi yoyote ya umma, hata ile ambayo mtendaji hakuona matunda yake. Basi katika masikio ya wengi likaanza kunukia amri.

Harambee lilipitia njia kama hiyo huko Kenya. Asili yake ni wito wa watu wa pwani wavutapo au wanyanyuapo kitu kizito kwa pamoja. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta alilifanya kuwa wito wa taifa, na kwa michango ya harambee yakajengwa madarasa na zahanati zisizo chache. Lakini mchango uitishwao na mkubwa mbele ya mdogo wake si mchango mtupu, kwa kuwa mdogo hana ulimi wa kukataa. Ilifika hatua sheria ikaingilia kati: Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 ilimkataza mtumishi wa umma kutumia cheo chake kuwashurutisha watu watoe katika harambee. Ni jambo la kuangaliwa kwamba wito wa wavuta kamba, ambao haukuwa na maana bila hiari ya wavutaji, ulihitaji kulindwa na sheria ili hiari yake isipotee.

Mji ndio mahali tofauti hii inapojaribiwa kwa ukali zaidi, na mfano wa Dar es Salaam watosha. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 iliukuta mji huo una watu wapatao 128,000. Ile ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una zaidi ya 5,380,000. Maana yake ni kwamba jirani wa mjini aghalabu si ndugu wala mtu wa ukoo. Haya, aliyekuwa mlinzi wa ujima kijijini, hana nguvu ile ile kwa mpangaji atakayehama mwezi ujao. Kwa sababu hiyo vyama vya kwanza vya mji vilijengwa juu ya asili za watu. Wazaramo walikuwa na chama chao tangu miaka ya 1930, na watu wa bara walikuwa na vyao. J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake mwaka 1963, alieleza jinsi mazishi yalivyokuwa jambo kubwa katika vyama vya namna hiyo. Mgeni wa mji aliogopa kufa bila mtu wa kumzika kuliko alivyoogopa njaa.

Tangu hapo wajibu wa mazishi umehamia kwa kiasi kikubwa kutoka kabila hadi mtaa. Msiba utokeapo, majirani hutandika majamvi, hufunga turubai, huazima viti na masufuria, na mmoja hukaa mlangoni na daftari la kuandika rambirambi. Daftari hilo ni chombo kidogo chenye maana kubwa, kwa kuwa mjini limeshika mahali pa haya ya kijijini. Jina na kiasi huandikwa, nacho chama husoma hesabu mbele ya watu. Mwenye kudhani kwamba hesabu huondoa moyo wa kujitolea hajaelewa mtaa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo huo hufa upesi mahali ambapo mtoaji hajui fedha zake zimekwenda wapi. Vyama vingi havifi kwa kukosa watu wakarimu. Hufa siku mweka hazina anapoombwa daftari naye akajibu kwamba amelisahau nyumbani.

Kutoka katika mazishi, vyama vya wakazi vimeingia katika mambo ya maji, njia, ulinzi na usafi. Na hapo hukutana na serikali uso kwa uso. Mifano miwili ya Dar es Salaam yadhihirisha jambo hili. Wa kwanza ni wa Tabata, ambako halmashauri ya jiji ilikuwa ikimwaga taka karibu na makazi. Wakazi waliungana wakalalamikia moshi, harufu na nzi, na shauri lao la mwaka 1988 katika Mahakama Kuu likawapa haki. Halmashauri iliomba kuongezewa muda wa kuendelea, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa, akieleza kwamba kuhatarisha uhai wa watu kwa uchafu ni kuvunja haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Shauri hilo hukumbukwa na wanasheria. Lakini na wachunguzi wa jamii yawapasa kulikumbuka, maana laonyesha kwamba kazi ya umoja wa wakazi si kufagia tu. Pengine ni kusema hapana kwa sauti moja.

Shauri hilo hilo lina upande wa pili. Jaa la taka lilipoondoka Tabata lilihamia Vingunguti, nako kulikuwa na watu. Swali lililofichwa katika kauli ya kutendea, yaani kwa ajili ya nani, hapa hupata uzito wake. Watu wa mtaa mmoja waweza kujitolea kwa dhati kwa ajili ya mtaa wao, na mzigo ukaangukia mtaa wa jirani. Umoja wa wakazi una mipaka, na wema wake hupimwa pia mpakani.

Mfano wa pili ni Hananasif, katika Kinondoni, karibu na bonde la Msimbazi ambako mafuriko huingia majumbani. Katika miaka ya 1990 wakazi, kupitia chama chao na kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wahisani wengine, walishiriki kujenga mifereji na njia za mtaa wao kwa mikono yao. Wafanyakazi walipata ujira, na hapana ubaya, maana maskini hawezi kuchimba miezi mingi kwa tumbo tupu. Hivyo mradi wa namna hiyo hutenganisha mambo mawili ambayo hotuba huyachanganya: kazi ya kujenga, ambayo yastahili malipo, na utunzaji wa kilichojengwa, ambao haumaliziki wala hauna mfadhili. Mfereji hujengwa mara moja, lakini huziba kila masika. Hapo ndipo kujitolea kwa kweli hutakiwa.

Serikali nayo ina mahali pake. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Miji, ya mwaka 1982, mtaa umekuwa ngazi ya utawala katika miji ya Tanzania, na mwenyekiti wake huchaguliwa na wakazi. Basi neno mtaa lenyewe sasa lina maana mbili: majirani, na ofisi. Mwenyekiti aitapo watu kuzoa taka, je, huwaita kama jirani au kama mkubwa? Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliamuru kwamba siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, isiwe ya gwaride bali ya usafi, na wengi walishika mafagio kwa moyo mkunjufu. Halmashauri nyingi zikaendeleza usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mahali ambapo asiyetokea hutozwa faini, kazi hiyo yaweza kuwa nzuri na ya lazima, kama kodi ilivyo ya lazima. Lakini si kujitolea.

Lugha yenyewe haishindwi kutenga mambo haya. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lina vijana wa aina mbili, na kila aina ina jina lake: vijana wa kujitolea, na vijana wa mujibu wa sheria. Hakuna anayeona aibu kwa jina la pili, wala hakuna anayeiba sifa ya la kwanza. Ikiwa jeshi, ambalo ni nyumba ya amri, laweza kusema wazi ni nani amekuja kwa hiari na ni nani ameitwa na sheria, mtaa hauna udhuru wa kushindwa.

Faida ya kutenga maneno haya ni ya watu wote. Kazi ya sheria ikiitwa kwa jina lake, raia ajua wapi pa kudai ratiba, vifaa na haki; kazi ya hiari ikiitwa kwa jina lake, mtendaji apata shukrani anayostahili, na asiyeweza, kwa ugonjwa, uzee au zamu ya usiku, haitwi mkaidi. Lakini yote yakiitwa kujitolea, aliyelazimishwa huona amedanganywa, na aliyetoa kwa moyo huona kipaji chake kimegeuzwa deni. Watu wa namna hiyo hawagombani na mtu. Huanza kwa kuchelewa mkutanoni, kisha hutuma udhuru, kisha hawaonekani. Wamekwisha kujitoa, na mfereji husubiri masika.