Nyumba Imevikwa Blanketi, Mbona Ukuta Unatoa Jasho?

 Majira ya baridi huku Uingereza, mama mmoja alinionyesha chumba cha mwanawe mwenye pumu. "Dada nesi, wametubandikia tabaka la kuzuia baridi nje ya nyumba nzima. Mbona sasa ukungu mweusi umeota nyuma ya kitanda?"

Sababu ni hii. Nyumba nyingi za hapa zina kuta mbili za matofali zenye uwazi katikati. Blanketi likibandikwa nje, halafu uwazi ule ukaachwa mtupu bila kuzibwa juu, hewa baridi hupita humo na ukuta wa chumbani hubaki baridi. Baridi hupenya pia pale blanketi linapokatika: kando ya madirisha, karibu na msingi na karibu na dari. Wakati huohuo, nyufa zilizokuwa zikitoa hewa zimezibwa. Mvuke wa kupika, kuoga na kuanika nguo ndani ukigusa mahali pa baridi hugeuka maji, na ukungu huota.

Ukiambiwa kosa ni lako kwa kuwa "mnapika sana", usikubali haraka. Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2, alifariki Rochdale mwaka 2020 kwa sababu ya ukungu, na wazazi wake walishalalamika. Tangu Oktoba 2025 sheria yenye jina lake inatumika England. Kama umepanga nyumba ya halmashauri au ya chama cha nyumba, ukungu wa hatari lazima uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na wa dharura ndani ya saa 24.

Fanya haya:

1. Funika sufuria, washa feni ya jikoni na bafuni, na funga mlango mvuke usisambae.
2. Usizibe vitundu vya hewa vya madirisha. Sogeza kitanda mbali kidogo na ukuta.
3. Piga picha, andika tarehe, lalamika kwa maandishi. Uliza: "Uwazi wa ukuta umejazwa, au umezibwa juu?"
4. Mtoto akikohoa usiku au kifua kikitoa mluzi, mpeleke kwa daktari na umtajie ukungu. Omba mkalimani, ni bure. Akipumua kwa shida hadi mbavu zinabonyea, au midomo ikigeuka rangi, piga 999 mara moja.

Msione haya kulalamika. Pumzi ya mtoto haingoji.