Nyasi za Uwanjani ni Akiba ya Kiangazi

Katika makambi na makazi ya Kampala, kuanzia Mbuya hadi Naguru, fyekeo ni chombo kinachojulikana na kila familia. Nyasi zikirefuka hufyekwa, kisha huachwa zioze palepale au huchomwa moto. Desturi hiyo ni hasara mara mbili: ng'ombe hukosa chakula cha kiangazi, na uwanja hukosa maua.

Tuanze na ng'ombe. Mvua kubwa za Kampala hunyesha tangu Machi hadi Mei, na tena tangu Septemba hadi Novemba. Baina yake huja kiangazi, ambapo malisho huwa haba. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji kiasi cha kilo 12 za chakula kikavu kila siku. Asipozipata, maziwa hupungua, na wa kwanza kuona upungufu huo ni watoto.

Wakati ufaao wa kukata ni pale nyasi zinapoanza kuchanua. Zikingojewa mpaka zizae mbegu, mashina huwa magumu na lishe hupungua. Chagueni siku za jua mvua zinapokwisha, mapema Juni au Desemba. Fyekeni asubuhi umande ukishakauka, mkiacha kimo cha vidole vinne, ili mizizi isidhoofike na udongo wa mteremko usichukuliwe na maji. Zitandazeni na kuzigeuza kwa muda wa siku 2 au 3, kisha zikusanyeni kwa reki. Reki huibua pia kavera, misumari na vipande vya waya, vitu ambavyo ng'ombe akivimeza vyaweza kumwua. Msikate kamwe mahali palipopuliziwa dawa ya magugu.

Nyasi zilizokauka barabara hazitoi unyevu zikisokotwa mkononi. Zishindilieni katika sanduku la mbao lisilo na kitako, lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, mpate robota la kilo 20 hivi. Yawekeni marobota juu ya mbao, chini ya paa. Nyasi zikifungwa mbichi huota ukungu, hupata joto, na huweza hata kuwaka zenyewe. Majani ya tembo, kwa sababu ya mashina yake manene, yafaa yakatwekatwe na kulishwa mabichi.

Na maua je? Nyasi zinazoozea uwanjani huurutubisha udongo, na majani yenye nguvu huifunika mimea midogo. Huko Rothamsted, Uingereza, uwanja mmoja umekuwa ukikatwa majani makavu kila mwaka tangu 1856. Sehemu zisizotiwa mbolea zina aina karibu 40 za mimea. Zile zilizotiwa mbolea nyingi ya naitrojeni zina aina chache mno. Hali ya hewa yao si yetu, lakini funzo latufaa: kilichokatwa kiondolewe. Samadi ya zizini nayo ipelekwe kwenye bustani ya mboga, siyo uwanjani.

Tena acheni ukanda mmoja kando ya ua bila kufyekwa mpaka maua yadondoshe mbegu, nyuki wapate chakula. Uwe mbali na nyumba, maana nyoka hupenda maficho; na msimu ujao acheni ukanda mwingine.

Basi, kabla ya kuwasha kiberiti, kumbukeni Januari: rundo hilo ni maziwa ya watoto.