Bwawa la kuogelea: Kwa nini pampu kubwa si lazima iwe bora

Anayejenga bwawa la kuogelea katika hoteli, shule au makazi mjini Kigali, Kampala au Bujumbura hukabiliwa mapema na swali moja: anunue pampu ya ukubwa gani? Wengi hudhani kwamba yenye nguvu zaidi ndiyo salama zaidi. Hata hivyo, pampu iliyopita kiasi hudhoofisha uchujaji na huongeza gharama ya umeme. Pale ambapo mabomba yamepangwa vibaya, inaweza hata kugharimu maisha ya muogeleaji.

Hesabu huanza na maji

Hatua ya kwanza ni kujua ujazo. Bwawa la mstatili lenye urefu wa mita 12, upana wa mita 6 na kina cha wastani cha mita 1.5 hubeba mita za ujazo 108, yaani lita 108,000.

Hatua ya pili ni kuamua maji yote yapite kwenye chujio kwa muda gani. Kwa bwawa la nyumbani, saa 8 aghalabu hutosha. La hoteli, lenye waogeleaji wengi, huhitaji saa 4 hadi 6. Tukichagua saa 6, pampu yetu inapaswa kusukuma mita za ujazo 18 kwa saa.

Mzunguko mmoja haumaanishi kwamba kila tone limechujwa, kwani maji safi hurudi na kuchanganyika na machafu. Yakichanganyika vyema, takriban asilimia 63 ya maji huwa yamepita kwenye chujio baada ya mzunguko mmoja, na asilimia 98 baada ya mizunguko minne. Ndiyo sababu pampu ya bwawa la umma huendeshwa mchana na usiku.

Chujio ndilo linaloamua

Chujio la mchanga hufanya kazi vizuri maji yanapopita taratibu, kwa kasi ya mita 30 hivi kwa saa. Chujio lenye kipenyo cha sentimita 90 lina eneo la mita ya mraba 0.64, hivyo kwa pampu yetu kasi ni mita 28. Ukifunga pampu ya mita za ujazo 30 kwenye chujio hilohilo, kasi hufikia mita 47, na uchafu husukumwa kupitia mchanga na kurudi bwawani.

Hilo si jambo dogo. Kimelea cha Cryptosporidium, kinachosababisha kuhara, huweza kuishi siku kadhaa katika maji yenye klorini ya kawaida. Uchujaji wa taratibu, ukisaidiwa na dawa ya kugandisha uchafu, ni kinga muhimu dhidi yake.

Pampu ndogo mno nayo ina kasoro yake: haiwezi kuunyanyua mchanga wakati wa kuusafisha kwa kupitisha maji kinyume.

Mabomba, mwinuko na umeme

Kiwango cha maji kilichoandikwa kwenye pampu hakina maana bila kujua upinzani wa mabomba, viwiko, vali na chujio. Mtiririko ukiongezeka maradufu, upinzani huongezeka takriban mara nne. Kwa mfano wetu, tukikadiria upinzani unaolingana na kupandisha maji mita 10, mota ya takriban kilowati 1 yatosha.

Katika nchi zetu za milima, mwinuko nao huhesabika. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Pampu hufyonza kwa shida zaidi kuliko pwani. Ni vyema iwekwe karibu na bwawa, chini ya usawa wa maji ikiwezekana, na bomba la kufyonzea liwe pana.

Pampu inayobadili mwendo huokoa fedha. Mwendo ukipunguzwa nusu, umeme unaotumika hushuka hadi karibu moja ya nane. Hata ikiendeshwa kwa muda maradufu, gharama hubaki takriban robo.

Hatari iliyo chini ya maji

Mwaka 2002 nchini Marekani, Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7 na mjukuu wa aliyekuwa waziri wa mambo ya nje James Baker, alifariki baada ya kunaswa na mvuto wa tundu la kufyonzea maji. Mwaka 2007 nchi hiyo ilipitisha sheria yenye jina lake, inayodai vifuniko vya usalama.

Kila kifuniko cha aina hiyo kina kiwango cha juu cha maji kinachoruhusiwa kupita. Anayebadilisha pampu kwa kubwa zaidi bila kukagua kifuniko huenda akakivuka. Aidha, bwawa linafaa kuwa na matundu mawili yaliyotengana, ili moja likizibwa na mwili, maji yapite kwenye jingine.

Kwa hiyo, mnunuzi na aende dukani na namba nne mkononi: ujazo wa bwawa, saa za mzunguko, eneo la chujio na upinzani wa mabomba. Nguvu za mota zifuate baada ya hapo.