Kuziona Karata Zilizofichwa Katika Mchezo wa Briji

Wenzetu wengi wapitao karibu na meza yetu ya briji hudhani kwamba ashindaye ni yule aliyegawiwa ree na wafalme wengi. Si hivyo hasa. Karata 52 hugawiwa watu wanne, 13 kila mmoja, na wawili wanaokabiliana ni wenzi. Yule aliyeahidi idadi ya duru atakazoshinda hucheza karata zake pamoja na za mwenzi wake, ambazo hulazwa mezani wazi. Kwa hiyo huziona karata 26. Nyingine 26 zimo mikononi mwa wapinzani, na kazi yake ni kujua zimekaaje. Kanuni za kuhesabu ahadi hizi zilitungwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa safarini melini. Lakini nitakalolieleza halimo katika kanuni.

Mchezaji mgeni hujaribu kuhesabu kila karata iangukayo, na ifikapo duru ya sita amekwisha sahau. Mimi naona ni afadhali kukariri maumbo. Karata 13 za mtu mmoja hugawanyika katika aina nne, na maumbo yatokeayo sana ni machache: 4-4-3-2, 5-3-3-2, 5-4-3-1, 5-4-2-2 na 4-3-3-3. Matano haya peke yake ni kama mikono 71 katika kila 100. Tena, kila aina, tuseme kopa, nayo ina karata 13 zilizogawiwa watu wanne. Basi maumbo ni yale yale! Ukijua tarakimu tatu, ya nne huja yenyewe.

Tazama mfano huu. Nimeahidi duru 12 katika 13, bila turufu. Mkononi nina shupaza 3, kopa 3, uru 4 na pau 3. Mezani mna shupaza 3, kopa 4, uru 3 na pau 3. Ree, mfalme na malkia wa shupaza, wa kopa na wa uru ni wetu wote: hizo ni duru 9. Katika pau nina ree, 10 na 2 mkononi. Mezani mna mfalme, ghulamu na 3. Hapo duru mbili ni za hakika. Kopa na uru zisipogawanyika 3-3 kwa wapinzani, ya 12 haipatikani ila nimnase malkia wa pau, naye aweza kuwa kushoto au kulia. Nikimtafuta upande usio wake, ahadi imevunjika.

Basi sigusi pau kwanza. Nacheza shupaza mara tatu. Mara ya tatu mpinzani wa kulia anatupa karata ya aina nyingine. Yeye alikuwa na 2, sisi 3 na 3: umbo ni 5-3-3-2, kwa hiyo wa kushoto alikuwa na 5. Katika kopa vile vile wa kulia anaishiwa mara ya tatu: 4-4-3-2, na wa kushoto alikuwa na 4. Katika uru ni wa kushoto aishiwaye mara ya tatu; yeye alikuwa na 2.

Sasa 5, 4 na 2 ni 11. Mpinzani wa kushoto hakuweza kuwa na pau zaidi ya 2, na wa kulia alikuwa na 5. Mwanzoni malkia aliweza kuwa popote sawasawa. Sasa yuko kulia kwa nafasi 5 katika 7. Duru ya 9 nimeishindia mezani, basi nacheza mfalme wa pau, kisha ghulamu. Wa kulia akitoa malkia, namla kwa ree, na 10 yangu inashinda. Asipomtoa, naweka 10 chini na ghulamu anashinda, ree ikingoja.

Mtu atauliza: je, malkia akiwa kushoto? Hapo nitashindwa, mara 2 katika 7. Abahatishaye tu hushindwa nusu ya mara zote.

Kwa kujizoeza huhitaji wachezaji wanne. Gawa karata, tazama mikono miwili tu, andika tarakimu zake kwa kila aina, kisha ukisie ile miwili mingine kabla hujaifunua.