Bunduki ya Babu, Risasi za Leo

Risasi ya shotigani ya inchi 2¾ huingia bila taabu yoyote katika bunduki ya mitutu miwili iliyotengenezwa kwa ajili ya risasi ya inchi 2½. Haikwami wala haigomi, na bunduki ikifungwa inafungika sawasawa. Mwenye bunduki haoni dalili yoyote ya kumtia shaka. Urefu unaoandikwa kwenye boksi la risasi ni urefu wa ganda lililokwisha kufyatuliwa, mdomo wake ukiwa umekunjuka. Kabla ya hapo mdomo huo umekunjwa kwa ndani, na ganda zima ni fupi. Baruti ikiwaka, mikunjo inafunguka na kujipenyeza pale ambapo chemba, yaani sehemu ya nyuma inayopokea risasi, inaanza kuwa nyembamba kuelekea kwenye mtutu. Marisawa yanalazimika kupita njia iliyobanwa, na shinikizo linapanda kupita lile ambalo fundi alilipigia hesabu miaka mia moja iliyopita.

Mara nyingi bunduki haipasuki, na hapo ndipo penye mtego. Mtu akishapiga risasi kumi salama, hakuna wa kumwambia kitu tena.

Habari hii inawagusa watu wengi Marekani kila majira ya kuchipua, kuanzia Machi huko Florida hadi mwishoni mwa Mei kwenye majimbo ya kaskazini, wakati wa msimu wa kuwinda bata mzinga mwitu. Wawindaji wengi hubeba shotigani za kisasa zenye rangi ya majani makavu. Lakini lipo kundi ambalo kwa makusudi huziacha hizo nyumbani na kutoka na bunduki ya babu: Parker iliyoundwa Meriden, Connecticut, L.C. Smith ya Fulton, New York, Ithaca, au Fox ya Philadelphia. Kampuni ya Parker ilianza kutengeneza shotigani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na bunduki zake zilikoma kutengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ukiishika mojawapo unaelewa kwa nini hawataki kuiuza. Ni nyepesi, imekaa sawa mkononi, na mbao yake ilichongwa na mtu aliyeijua kazi yake.

Fox moja ya aina hiyo ilifika huku kwetu. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, muda mfupi baada ya kuondoka madarakani, alikuwa na Fox ya geji 12 aliyopewa na mtengenezaji mwenyewe. Mwaka 2010 bunduki hiyo ilipigwa mnada Marekani kwa dola 862,500. Ya babu yako haitafika huko, lakini kanuni za kuilisha ni zilezile.

Tuanze na ndege mwenyewe, kwa sababu ndiye anayeamua mambo mengi. Bata mzinga wa porini ni wa jamii moja na yule anayejivimbisha uani kwetu na kuwatisha watoto. Wa kufugwa alitokana na wa porini wa Mexico. Tofauti ni kwamba wa porini anaruka, analala juu ya miti, na macho yake ni makali ajabu. Dume la mashariki ya Marekani lina uzito wa kilo 8 hadi 10 hivi. Mwindaji huketi chini, ameegemea mti, akiigiza sauti ya jike kwa kijisanduku cha mbao au kipande cha jiwe la ubao, na kumngoja dume aje mwenyewe. Mwenye busara havai nguo nyekundu, nyeupe wala buluu, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwingine akiziona vichakani anaweza kufyatua.

Kichwa hicho ndicho shabaha. Manyoya ya kifua ni mazito, mifupa ya mabawa ni migumu, na marisawa yakimpata mwilini, ndege anakimbia na kwenda kufia vichakani. Ubongo na uti wa shingo ndivyo vinavyomwangusha papo hapo, na vyote viwili ni vyembamba. Kwa hiyo mwindaji wa bata mzinga hahitaji chembe kubwa zenye nguvu za kutisha. Anahitaji chembe nyingi, zilizosongamana, katika eneo lisilozidi kiganja cha mkono.

Hapo ndipo suala la namba linapoingia. Namba ya marisawa ikipanda, chembe inakuwa ndogo. Kwa vipimo vya Marekani, toa namba hiyo kwenye 17 na utapata kipenyo kwa sehemu za mia za inchi: Namba 4 ni 0.13, yaani milimita 3.3, Namba 6 ni 0.11, yaani milimita 2.8. Uzito wa aunsi moja, karibu gramu 28, huchukua chembe 135 hivi za Namba 4 za ledi, 170 za Namba 5, na 225 za Namba 6. Sasa chukua risasi ya kawaida ya zamani ya geji 12, yenye aunsi 1⅛. Ukijaza Namba 4 unapata chembe 150 na kidogo. Ukijaza Namba 6 unapata zaidi ya 250. Kwa shabaha nyembamba kama shingo, chembe mia moja za ziada si jambo dogo.

Wapenzi wa Namba 4 watasema chembe nzito inafika mbali ikiwa bado na nguvu. Ni kweli, lakini ikifika huko mbali imebaki na wenzake wachache, na ndege anasimama katikati ya mianya. Kwa bunduki inayobeba mzigo mdogo wa marisawa, mimi naiweka Namba 4 kando bila majuto.

Maduka yanasema kinyume. Boksi zenye picha ya dume aliyetandaza mkia hujaa risasi za inchi 3, na hata za inchi 3½ ambazo hubeba zaidi ya aunsi 2 za marisawa, maradufu ya kile bunduki ya babu iliundwa kukibeba. Kiwango cha juu cha shinikizo kinachotambuliwa na chama cha watengenezaji wa Marekani, SAAMI, ni pauni 11,500 kwa inchi ya mraba kwa risasi za geji 12 za inchi 2¾ na za inchi 3. Ile ya inchi 3½ inaruhusiwa hadi 14,000. Hii ya mwisho haina nafasi hata kidogo katika bunduki ya zamani. Ya inchi 3 nayo haina, labda mtutu wenyewe uwe umeandikwa kuwa uliundwa kwa ajili yake.

Lakini tusidanganyike kwamba hatari yote ipo kwenye chuma. Kinachokufa kwanza katika bunduki nyingi za mitutu miwili ni mbao. Kitako kimenyonya mafuta ya kulainishia chuma kwa miaka themanini na kimekuwa laini pale kinapokutana na mtambo. Kila teke la risasi nzito linausukuma mtambo nyuma, ndani ya mbao hiyo. L.C. Smith zinajulikana kwa ufa unaoanzia nyuma ya bamba la pembeni. Ufa ni mwembamba kama unywele mwanzoni, na wengi huuona siku ambayo kitako kimeshapasuka mkononi. Baadaye bawaba nayo inalegea, na ukiifunga bunduki na kuinyanyua kwenye mwanga, unaona mwangaza kati ya mitutu na bamba la nyuma yake. Bunduki iliyofika hapo isipigwe kabisa mpaka fundi aishughulikie.

Fundi bunduki ndiye wa kumwendea kabla ya duka la risasi. Anapima urefu wa chemba kwa kifaa chake, anapima unene wa kuta za mtutu, anatazama kutu na mibonyeo kwa ndani. Wengine huitundika mitutu kidoleni na kuigonga taratibu; ikitoa mlio mrefu wa kengele, ni dalili kwamba mikanda iliyolehemewa kati yake haijalegea. Bunduki za Kiingereza zinarahisisha kazi kidogo, maana kwa sheria kila mtutu lazima upite kwenye nyumba ya majaribio ya London au Birmingham, na alama zilizogongwa chini yake hueleza urefu wa chemba na kama ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Marekani haina sheria ya namna hiyo. Parker au Fox hukuachia neno la kiwanda tu, na chemba za baadhi yake ni fupi kuliko kipimo cha leo.

Mitutu ya Damaski ina mashaka yake. Iliundwa kwa fito za chuma laini na chuma cha pua zilizosokotwa, zikazungushwa kwenye mti wa chuma kama ukili unavyozungushwa mshonaji anaposhona mkeka, kisha zikaunganishwa kwa moto na nyundo. Michoro yake inapendeza mno. Tatizo ni kwamba huwezi kujua kwa jicho kama kutu ya baruti nyeusi imeingia kwenye maungio. Watengenezaji wa risasi huandika onyo dhidi ya mitutu hiyo kwenye boksi. Wapo wanaoipiga kwa risasi za shinikizo dogo baada ya ukaguzi makini, na siwezi kusema wote ni wajinga, ila mtu asiye na mkaguzi wa kuaminika aitundike ukutani.

Kuhusu madini yenyewe, ledi bado ndiyo inayoifaa zaidi bunduki ya zamani. Ni laini na nzito, na inapita kwenye choki, yaani ule mdomo wa mtutu uliobanwa, bila kuudhuru. Marisawa ya chuma hayabonyei, na yakilazimishwa kupita kwenye choki ya kubana sana ya mwaka 1925 yanaweza kuuvimbisha mtutu. Marekani ilipiga marufuku ledi kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, lakini kwa bata mzinga majimbo mengi bado yanairuhusu. California ni tofauti: tangu Julai 2019 haikubali risasi zenye ledi katika uwindaji wowote. Huko mwenye bunduki ya zamani hukimbilia bismathi, ambayo ni laini ya kutosha lakini nyepesi kidogo kuliko ledi, kwa hiyo ashuke namba moja: palipofaa Namba 6 atumie Namba 5. Tangisteni ndiyo inayosifiwa siku hizi kwa kuwa ni nzito sana, hata Namba 9 inaangusha dume. Ni ngumu kuliko mtutu wenyewe, na kinachovitenganisha ni kikombe cha plastiki tu. Sioni sababu ya kukiachia kikombe kile urithi wa familia.

Bunduki hizi zina jambo moja ambalo shotigani ya pampu ya babako mdogo haina. Vifyatulio ni viwili. Cha mbele kwa kawaida hufyatua mtutu wa kulia, uliobanwa kidogo. Cha nyuma hufyatua wa kushoto, uliobanwa sana. Unaweza kuweka Namba 6 kulia kwa ndege aliyesogea karibu na Namba 5 kushoto kwa aliyesita mbele kidogo, ukachagua kwa kidole wakati huohuo. Kwa kipimo kinachokubalika, choki ya kubana sana hupeleka asilimia 70 ya marisawa ndani ya duara la inchi 30 umbali wa yadi 40, sawa na mita 37. Lakini hiyo ni ya vitabuni. Mitutu miwili ya bunduki moja yaweza isipige mahali pamoja, na njia ya kujua ni karatasi.

Tundika karatasi pana, chora kichwa na shingo ya ndege kwa ukubwa halisi, keti kama utakavyoketi porini, piga kila mtutu peke yake kwa risasi ileile uliyonunua. Hesabu chembe zilizoipata shingo. Rudi nyuma hatua chache, rudia. Vitako vya zamani vimeinama sana kwa nyuma, na mtu aliyezoea bunduki mpya huinua shavu ili aone vizuri. Marisawa yote yanapita juu ya kichwa. Ndege wengi wanaodhaniwa kuwa wameponea risasi mbovu wameponea shavu lililoinuka.

Hadhari moja ya mwisho, kwa wenye nyumba yenye bunduki za geji tofauti. Risasi ya geji 20 ni nyembamba zaidi, na ikitumbukia kwenye mtutu wa geji 12 huteleza na kukwama mbele ya chemba. Ukichungulia unaona chemba tupu. Ukiweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hupakwa rangi ya manjano. Usichanganye risasi mfukoni, hata siku ya mazoezi.

Kwa bunduki ya geji 12 ya chuma imara, iliyokaguliwa, chaguo langu ni risasi ya shinikizo dogo yenye urefu unaolingana na chemba iliyopimwa, aunsi 1⅛ za ledi, Namba 6 kulia na Namba 5 kushoto, na dume asipigwe akiwa mbali zaidi ya mita 27. Akisimama mita 40 na kugoma kusogea, mwache aende zake. Anayetaka kumpiga huko anunue shotigani mpya. Bei yake ni ndogo kuliko gharama ya kuchongesha kitako kipya cha Parker.