Mtoto anaporukaruka usingizini: ni kawaida au ni degedege?



Siku moja, baada tu ya swala ya Alfajiri, aliingia zahanati mama aliyejifungua siku 12 zilizopita, akiongozana na mama mkwe wake. Kichanga kilikuwa kinakohoa, macho mekundu kwa moshi. Usiku ule walikiona kikirusha mikono na miguu usingizini, kinatulia, kisha kinaanza tena. Bibi akasema: "Hili ni dege." Wakakifukiza kinyesi cha tembo, mlango na madirisha yamefungwa.

Nilimpima mtoto. Hakuwa na homa, alinyonya vizuri. Aliposinzia mapajani mwa mama yake, mkono ukaanza kurukaruka. Nikamwamsha taratibu, ukakoma papo hapo. Mtoto yule hakuwa na ugonjwa. Kilichomsumbua ni ule moshi.

Mwezi huo huo akaletwa mtoto wa miezi minane. Alikuwa na homa, akakakamaa na macho yakageuka. Nyumbani waliogopa kumleta kwa sababu waliambiwa mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Wakangoja hadi kesho yake. Kipimo kilionyesha malaria, naye alikuwa amezimia. Tulimpa huduma ya kwanza na kumpeleka hospitali. Alipona kwa uwezo wa Allah, lakini mkono wake wa kulia umebaki dhaifu.

Msomaji, familia ya kwanza iliogopa pasipo na la kuogopa, na ya pili ilichelewa pasipo pa kuchelewa. Zote mbili hazikujua kutofautisha.

KWA NINI HURUKARUKA?

Mtoto mchanga hulala karibu saa 16 kwa siku, na takriban nusu ya usingizi huo ni mwepesi. Ubongo wake bado unakua. Ndiyo maana utamwona anatabasamu, anakunja uso, anapumua kwa kasi kisha taratibu, au anashtuka mlango ukigongwa na kutanua mikono kama anayetaka kukumbatia. Mshtuko huu wa kutanua mikono kwa kawaida hutoweka afikapo miezi minne hadi sita.

Wapo pia wanaorukaruka viungo mfululizo wakiwa wamelala. Jambo hili lilielezwa rasmi na madaktari mwaka 1982. Mara nyingi huanza katika wiki mbili za mwanzo na kwisha kabla ya miezi sita. Halihitaji dawa wala haliachi kasoro.

UTATOFAUTISHAJE?

Kipimo kikubwa ni kumwamsha. Mrukoruko wa kawaida huja usingizini tu, na mtoto akiamka hukoma. Rangi yake haibadiliki, macho hayageuki, na akiamka ananyonya kama kawaida. Usimbembeleze kwa kumtikisa, kwani kumtikisa huweza kuzidisha. Wala usimkandamize kwa nguvu.

Degedege haikomi kwa kumwamsha wala kwa kumshika, na humpata hata akiwa macho. Kama una simu yenye kamera, mrekodi. Picha ya dakika moja humsaidia tabibu kuliko maelezo mengi.

MPELEKE HARAKA UKIONA HAYA

Mtoto anakakamaa, macho yanakodoa au yanakwenda upande mmoja, midomo inakuwa ya bluu, anatafunatafuna midomo bila kunyonya, amekataa ziwa, amelegea au haamshiki, ana homa, au mwili ni wa baridi. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, joto la 37.5 kwapani latosha kukufanya uondoke nyumbani.

Mtoto akitetemeka akiwa macho, mnyonyeshe na umpeleke akaonwe. Huenda sukari imeshuka mwilini.

Kichanga aliyekuwa ananyonya vizuri siku mbili za mwanzo, kisha akashindwa kufungua mdomo na kukakamaa kila aguswapo, huyo ni wa kumhofia pepopunda. Huingia kwa kitovu kichafu. Basi usipake kitovu majivu, udongo wala kinyesi cha ng'ombe, na mama mjamzito akamilishe chanjo zake.

Jambo jingine ni mtoto wa miezi mitatu hadi mwaka mmoja anayeinamisha kichwa ghafla na kurusha mikono, tena na tena, hasa anapoamka. Mwaka 1841 tabibu Mwingereza, William James West, aliyaandika haya kwa mwanawe mwenyewe. Vitabu vya zamani viliita hali hiyo "salaam", kwa kuwa mtoto huinama kama anayetoa salamu. Ni aina ya kifafa kinachoharibu akili, na kila siku ya kuchelewa ina hasara.

AKISHIKWA NA DEGEDEGE

Mlaze ubavu mahali salama, mlegezee nguo, tazama saa. Usimtie kijiko, maji, dawa wala kombe mdomoni, kwani vitampalia. Usimfukize, usimkojolee, usimmwagie maji ya baridi. Kisha twende hospitali. Sindano haiui mtoto wa degedege. Wengi wanaokufa baada ya sindano walifikishwa wakiwa wamechelewa.

DUA NA TIBA

Najua utauliza: je, tusimsomee? Msomee. Mtume (s.a.w.) aliwaombea kinga wajukuu zake Hassan na Hussein, na yeye huyo huyo alituhimiza kutafuta tiba. Soma Ayatul Kursiy na Mu'awwidhatayn mkiwa ndani ya gari kuelekea hospitali. Dua haikuzuii kutembea. Lakini uzi wa hirizi shingoni mwa kichanga uondoe, unaweza kumnyonga usingizini.

Na wewe bibi, mama mkwe, shangazi, neno lako ndilo linalosikilizwa usiku ule mtoto anapobadilika. Usiseme "tungoje kukuche." Mwamshe kwanza. Akitulia na kunyonya, mrudishe alale chali, nawe ulale. Asipotulia, waamshe wenye nyumba muondoke.

Wabillahi tawfiq.