Mtoto wa SS anapopata homa, tusingoje asubuhi



Katika parokia zetu za Kisangani, kuanzia Makiso hadi Mangobo na Kabondo, na ng'ambo ya mto kule Lubunga, ni vigumu kukuta kanisa lisilo na jamaa yenye mtoto wa SS. Tunamfahamu. Macho yake yana umanjano, mikono na miguu humuuma, shuleni hukosa siku nyingi, na jina lake hurudi mara kwa mara kwenye orodha ya kuombea wagonjwa. Wengine humwita drepano. Wengine, na tuseme kwa huzuni, humwita mchawi, au husema mama yake alileta laana nyumbani.

Leo tunataka kueleza jambo moja ambalo wazazi wengi hawajaelezwa vizuri: jinsi ugonjwa huu wa damu unavyodhoofisha ulinzi wa mwili, na kwa nini homa ambayo kwa mtoto mwingine ni jambo la kawaida, kwa mtoto wa SS inaweza kuleta kifo kwa muda wa saa chache. Mzazi akielewa, atajua la kufanya homa ikianza usiku. Mchungaji akielewa, atajua la kumwambia mzazi huyo.

Ugonjwa wa damu, si laana

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya chembe nyekundu. Ndani ya kila chembe kuna hemoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba hewa kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Kila mtu hupokea maagizo mawili ya kutengeneza hemoglobini hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Aliyepokea mazuri mawili ni AA. Aliyepokea zuri moja na la S moja ni AS: huyo ni mzima, na mara nyingi hajui kwamba anabeba S. Aliyepokea S mbili ndiye SS, na ndiye mgonjwa.

Chembe za SS zikipungukiwa hewa hugeuka sura zikawa kama mundu, ngumu na zenye kunata. Hukwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali ya mifupa yanapotoka. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku karibu 120, lakini ya SS huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mtoto huyu hana damu ya kutosha, na macho yake ni ya manjano. Hakuna aliyemla damu yake.

Hapa kwetu jambo hili si la watu wachache. Utafiti uliofanyika Kisangani na kuchapishwa mwaka 2010 ulipima watoto wachanga 520. Asilimia 23.3 walikuwa AS, karibu mmoja kati ya wanne. Asilimia 0.96 walikuwa SS, yaani karibu mmoja katika kila watoto mia. Fikiria idadi ya watoto tunaowaleta mbele ya kanisa kila mwaka kuwaombea baraka, utaona kwamba jambo hili ni letu.

Kwa nini S imeenea hivi? Mwaka 1954 munganga Anthony Allison, aliyefanya uchunguzi wake katika Afrika Mashariki, alionyesha kwamba watu wa AS wanalindwa kwa sehemu dhidi ya malaria kali. Katika nchi za malaria kama yetu, watoto wa AS walibaki hai wengi zaidi, wakakua na kuzaa. Basi S ilidumu kwa sababu ilikuwa ngao. Lakini ngao hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS akishikwa na palu, damu yake iliyokuwa kidogo tayari humalizika upesi.

Wengu, mlinzi anayepotea mapema

Upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, kuna kiungo kinachoitwa wengu. Wengine husema bandama. Damu hupita humo kama maji yanavyopita katika chujio. Chembe zilizochakaa huondolewa, na vijidudu vinavyosafiri katika damu hukamatwa. Kuna vijidudu vyenye ganda laini la nje, ambavyo askari wengine wa mwili hushindwa kuvishika vizuri. Wengu ndio hasa hupambana navyo. Kati ya hivyo, nimokoki ndiyo inayoogopwa zaidi. Huleta homa ya mapafu na homa ya uti wa mgongo, na inaweza kuenea katika damu yote.

Kwa mtoto wa SS, chembe za mundu huziba mishipa midogo ya wengu. Wengu hukosa hewa, sehemu moja hufa, kisha nyingine. Kazi hiyo ya uharibifu huanza katika mwaka wa kwanza wa maisha, na kwa watoto wengi, kabla ya kufika miaka 5, wengu haufanyi tena kazi yake. Mtoto anakuwa kama nyumba ambayo mlinzi wa lango ameondoka. Vijidudu ambavyo kwa ndugu yake vingekamatwa mlangoni, kwake vinaingia na kuongezeka katika damu bila kizuizi.

Kuna hatari nyingine ya wengu kabla haujaharibika. Wakati mwingine damu nyingi hunaswa ndani yake kwa ghafla. Tumbo linavimba upande wa kushoto, mtoto anakuwa mweupe midomoni na viganjani, analegea. Huyu anahitaji hospitali mara moja, kwa sababu damu yake imefungwa mahali pamoja na moyo hauna cha kusukuma. Waganga wengi huwafundisha wazazi kupapasa tumbo la mtoto wao akiwa mzima, ili siku wengu utakapovimba watambue tofauti.

Moto usiozimika

Mwili ukijeruhiwa au ukivamiwa, hupigana. Mahali pa vita panakuwa pa moto, panavimba, panauma. Waganga huita hali hiyo mwako. Mwako ni mwema ukiwa wa muda mfupi: huleta askari, yaani chembe nyeupe, kazi ikiisha moto unazimika.

Kwa mgonjwa wa SS moto hauzimiki kabisa. Chembe nyekundu zinazovunjika kila siku humwaga hemoglobini nje, nayo huchokoza kuta za mishipa. Kuta hizo zinakuwa za kunata. Chembe nyeupe huongezeka hata siku ambayo mtoto anacheza na hana ugonjwa mwingine, nazo pia hushikamana na kuta na kuifanya njia ya damu kuwa nyembamba zaidi.

Sasa weka maambukizo juu ya hali hiyo. Homa inapanda, mtoto hatamani kunywa, maji ya mwili yanapungua, mapafu yakishikwa hewa inapungua pia. Haya yote husukuma chembe kugeuka mundu. Chembe zinakwama, sehemu za mwili zinakosa hewa, mwako unaongezeka, na mzunguko unaanza upya. Ndiyo sababu mama wengi hushuhudia kwamba maumivu makali ya mtoto yalianza baada ya mafua au palu. Wameona sawa. Maambukizo huamsha ugonjwa wa kudumu, na ugonjwa wa kudumu hufungulia maambukizo njia.

Malaria na vijidudu vya damu

Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wamefuatilia kwa miaka mingi watoto wanaolazwa hospitalini. Mwaka 2009 walichapisha matokeo juu ya watoto wa SS waliokutwa na vijidudu katika damu. Nimokoki ilikuwa ya kwanza, na ya pili ilikuwa salmonela. Salmonela hupenda kukaa ndani ya mfupa wa mtoto wa SS, mahali ambapo damu haifiki vizuri. Kwa hiyo mfupa mmoja unaovimba na kuuma pamoja na homa isiyokwisha si wa kukandwa tu nyumbani.

Mwaka 2011 watafiti wa huko huko walionyesha jambo lingine: malaria ilipopungua, vijidudu katika damu ya watoto vilipungua pia. Malaria huvunja chembe nyekundu na kuwashughulisha askari wa mwili, na vijidudu vingine hupata nafasi. Kwa hiyo kipimo kikionyesha palu kwa mtoto wa SS, tusiseme jambo limekwisha. Inawezekana kuna mgeni wa pili ndani ya damu, na munganga anapaswa kumtafuta.

Kinachoweza kufanyika

Habari njema ni kwamba ulinzi unawezekana, na sehemu yake kubwa si ya gharama kubwa.

Penisilini ya kila siku. Mwaka 1986 utafiti mmoja huko Marekani ulionyesha kwamba watoto wadogo wa SS waliopewa penisilini kila siku walipungukiwa na maambukizo ya nimokoki kwa asilimia 84. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi. Dawa hii huanza utotoni na kuendelea angalau hadi miaka 5, kwa maagizo ya munganga. Haitolewi kwa sababu mtoto anaumwa. Inatolewa ili kushika zamu ya wengu uliopotea.

Chanjo. Chanjo ya nimokoki iliingia katika chanjo za kawaida za watoto wa Kongo mwaka 2011. Mtoto wa SS asikose hata moja ya chanjo zake.

Chandarua kila usiku, na maji ya kunywa mengi kila siku. Haya hakuna asiyeyaweza kuyafundisha, hata kwenye mkutano wa akina mama.

Hidroksiyurea. Dawa hii hupunguza kugeuka kwa chembe na hupunguza mwako. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kongo, Angola, Kenya na Uganda kwa watoto 606, ambao upande wa Kongo uliongozwa na daktari Léon Tshilolo wa Kinshasa. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua karibu nusu, na vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Hupimwa kwa damu mara kwa mara, na haifai kwa mwenye mimba, kwa hiyo mtu asiinunue sokoni na kujipangia mwenyewe.

Na damu yenyewe. Mtoto aliyepungukiwa sana huhitaji kuongezwa damu, na damu hiyo hutoka katika mkono wa mtu. Vijana wa kwaya na wazee wa kanisa wenye afya wanaweza kuitoa kabla ya dharura.

Usiku homa inapoanza

Kipimo kinachotumiwa sana ni joto la 38.5. Mtoto wa SS akifika hapo, au hata chini yake kama amelegea, anahema kwa shida, kifua kinauma, tumbo limevimba, hawezi kunywa, au shingo imekakamaa, aende hospitali usiku huo huo. Tukisema "tumpe parasetamoli tuone kesho", kesho inaweza kuwa imechelewa. Ukifika, sema neno la kwanza: "Mtoto huyu ni SS." Usingoje waulize.

Tunajua pirogi ya kutoka Lubunga usiku ina shida zake, na pesa hazipatikani kila saa. Kwa hiyo tupange mapema. Jamaa iwe na pesa kidogo zilizowekwa kando, nambari ya mtu wa motari, na jirani wa kubaki na watoto wengine. Parokia inaweza kuwa na sanduku dogo kwa ajili ya hili.

Juu ya maombi, tuseme wazi kwa upendo. Tunaamini maombi. Lakini kumweka mtoto wa SS mwenye homa katika chumba cha maombi kwa siku tatu, bila penisilini wala munganga, ni kumwacha bila mlinzi wakati adui yumo ndani. Tuombe tukiwa njiani. Tuombe kando ya kitanda cha hospitali. Na tukumbuke Injili ya Yohana sura ya 9, ambapo wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, na Bwana hakumhukumu yeyote kati yao. Baba na mama wa mtoto wa SS wamechangia sawasawa, kila mmoja S moja, bila kujua. Mwanaume anayemfukuza mke wake kwa sababu hii anakimbia S ambayo yeye mwenyewe anaibeba.

Kabla ya ndoa

Kama karibu mmoja kati ya wanne ni AS, basi katika ndoa 100 tunazobariki, karibu 5 zinaweza kuwa za AS na AS. Katika kila mimba ya ndoa hiyo, nafasi ya kuzaa SS ni moja katika nne. Ni vizuri vijana wapimwe mapema, kabla mahari haijatolewa na jamaa hazijafungana. Waombe kipimo cha elektroforezi au kile cha haraka kinachotofautisha. Kipimo cha zamani cha Emmel huonyesha kwamba S ipo, lakini hakitenganishi AS na SS. Matokeo ni siri ya wawili hao. Mchungaji hushauri, hafungi mlango.

Kazi hii si ngeni kwa Waprotestanti wa Tshopo. Kule Yakusu, chini kidogo ya mto, daktari Mbaptisti Clement Chesterman alifika mwaka 1920, akapambana na ugonjwa wa malale na kuwafundisha wauguzi Wakongo. Kanisa na sindano vilitembea pamoja kijiji kwa kijiji. Tarehe 19 Juni ni siku ya ulimwengu ya ugonjwa huu. Kabla haijafika, kila parokia ihesabu watoto wake wa SS, na iulize jambo moja kwa kila mmoja: je, anapata penisilini yake?

Bwana awabariki.